Wakuu wa shule, barua zenu za mapendekezo zinawapunja watoto

Mhariri,

Wiki tatu zilizopita jirani yangu wa hapa Makorora, mama ambaye vitumbua vyake ndivyo vinavyoamsha mtaa wetu, aliingia uani kwangu baada ya magharibi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake anasoma kidato cha sita, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), katika shule moja ya serikali mkoani Tanga. Karatasi ilikuwa na nembo ya rangi, jina la binti, jina la chuo kikuu kimoja cha Marekani, na chini yake mstari uliokolezwa wino: nafasi ya kuingia koleji ya onasi, asilimia 85. Aliinunua kwa wakala wa vyuo vya nje, shilingi 120,000. Kwa bei ya shilingi 200 kimoja, hivyo ni vitumbua 600.

"Mwalimu, nisomee," akasema. "Mwanangu kapata au hajapata?"

Nimefundisha hisabati sekondari miaka 31 kabla ya kustaafu, na nimejibu maswali mengi ya wazazi, lakini hili lilinikwama kooni. Mama yule alikwisha kuijengea nyumba ile 85.

Niseme kwanza onasi ni nini, maana hata mimi ilinibidi nijifunze, na mama yule alidhani ni ile shahada ya heshima wanayotunukiwa marais kwenye mahafali. Siyo. Vyuo vikuu vya umma vya Marekani ni vikubwa mno, vingine vina wanafunzi makumi ya maelfu, na mwaka wa kwanza mtoto anaweza kukaa ukumbini na wenzake mia tatu, mhadhiri asimjue hata kwa sura. Koleji ya onasi ni nyumba ndogo ndani ya nyumba hiyo kubwa. Wanaoingia husoma baadhi ya masomo katika madarasa ya watu kama ishirini, hubishana na mwalimu badala ya kunakili, hupewa mshauri wa karibu, na mwisho kila mmoja huandika tasnifu yake. Wazo lilitoka Oxford, Uingereza. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyesoma huko, alilianzisha katika koleji ya Swarthmore mwaka 1922 akiwa mkuu wake. Baadaye vyuo vya majimbo navyo vikafungua koleji zao: Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 1960, Arizona State mwaka 1988, Penn State mwaka 1997. Mtoto huomba vitu viwili, chuo kikuu na koleji, na kukubaliwa na cha kwanza si kukubaliwa na cha pili.

Hapo ndipo wakala alipomdanganya jirani yangu. Nilimwomba mjukuu wangu anifungulie takwimu zilizochapishwa na chuo kile chenyewe. Hatukumaliza nusu saa, tukaiona 85 yetu imekaa pale: ni sehemu ya waombaji wanaokubaliwa na chuo kikuu kizima, fani zote. Koleji ya onasi ina fomu yake, insha zake na tarehe yake ya mwisho, na wanaopita ni wachache zaidi. Wakala alichukua idadi ya wanaoingia getini, akamuuzia mama kama idadi ya wanaofika chumbani.

Na hata ingekuwa ni asilimia ya koleji yenyewe, bado isingekuwa ya binti huyu. Nendeni Deep Sea, kwenye samaki hapa Tanga, asubuhi mashua zinapoingia. Tuseme mnunuzi mmoja kachukua samaki 20 kati ya 100. Mtu aliyesimama mbali atasema kila samaki alikuwa na nafasi moja kwa tano. Lakini mnunuzi hakupiga kura. Alifunua mashavu akatazama wekundu, akabonyeza mgongo, akatazama jicho. Changu mbichi alikwisha kuchukuliwa kabla bei haijatajwa, na aliyelala tangu juzi hakuwa na nafasi yoyote, awe mkubwa namna gani. Asilimia inaeleza tenga zima. Mzazi ana samaki mmoja mkononi, naye anapaswa kuuliza mnunuzi hutazama nini.

Hutazama alama, bila shaka. Binti alifanya SAT, mtihani wa Kimarekani wenye alama 1600, nusu za lugha na nusu za hisabati. Kaka yake alimsindikiza kwa basi mpaka Dar es Salaam, wakalala kwa shangazi yao, na asubuhi akaukalia kwenye kompyuta. Alipata 1340: hisabati 740, lugha 600. Vyuo vingi viliacha kuulazimisha mtihani huo baada ya korona kuingia mwaka 2020, na baadhi vimeurudisha. Vyuo vinavyoupokea huchapisha wigo wa nusu ya katikati, yaani robo ya waliokubaliwa wako chini ya wigo huo na robo nyingine wako juu yake. Aliye chini hajafungiwa mlango, ila faili lake lina mlima wa kupanda. Aliye ndani ya wigo atasomwa kama wenzake. La kuangalia ni kama wigo huo ni wa chuo kikuu kizima au wa koleji, kwa sababu wa koleji hukaa juu zaidi. Hesabu ya namna hiyo naiamini. Haimpi mzazi asilimia, humpa neno moja kati ya matatu: kubwa, ya kadiri, ndogo.

Lakini shida ya binti huyu haikuwa alama. Niliikuta ndani ya bahasha ya shule.

Ripoti ya kidato cha tano ilisema Fizikia 71, Kemia 66, Hisabati 82, ikaishia hapo. Sisi tunaojua tunamwona mtoto wa kupigiwa mfano, kwa kuwa kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha sita A huanzia 80, B huanzia 70 na C huanzia 60. Sasa mpelekee karatasi hiyo msomaji wa Marekani, ambako shule nyingi A huanzia 90 na 66 ni D. Atamwona mtoto anayejikokota. Mstari mmoja tu wa ngazi za alama chini ya ripoti ungeondoa balaa hilo, na haukuwekwa. Matokeo ya kidato cha nne nayo yanataka maelezo yake, kwa kuwa A huko huanzia 75, na divisheni zetu huenda kinyume na GPA yao, yaani wastani wa alama za mwanafunzi. Binti alipata divisheni ya kwanza ya pointi 9. Sisi tunajua pointi 7 ndiyo bora kuliko zote na kwamba divisheni hiyo huishia 17. Kwao kadiri namba inavyopanda ndivyo mtoto alivyo bora, na 9 bila maelezo haiwaambii kitu.

Nikamuuliza binti alishika nafasi ya ngapi. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba alikuwa wa pili kati ya 63 wa tahasusi yake. Wa pili kati ya 63, na shule haikuona haja ya kuliandika! Msomaji anayefungua faili kutoka Tanga hajawahi kusikia jina la shule hiyo. Anataka kujua darasa lina watoto wangapi, maabara ikoje, walimu wa fizikia ni wangapi, na katika mazingira hayo huyu anasimama wapi. Mtoto hupimwa kwa alichofanya na kile alichopewa. Shule ikinyamaza, kipimo hicho kinakosekana.

Kisha nikatoa barua ya mapendekezo. Mistari minne. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: huyu ni mwanafunzi mwenye nidhamu, mtiifu, mwenye bidii na anayeshirikiana na wenzake; tunamtakia kila la heri. Sahihi, mhuri, basi.

Naijua barua hiyo, Mhariri, kwa sababu niliiandika mimi. Si ya binti huyu, lakini ni ile ile. Kwa miaka mingi nilikuwa nayo kwenye jalada, nikibadilisha jina na tarehe. Kiingereza hutenganisha yeye wa kiume na yeye wa kike, na mwaka 2009 nilimwandikia msichana mwenye kipaji kikubwa cha hisabati barua iliyomwita mwanamume mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa niliinakili kutoka ya mvulana wa mwaka uliotangulia. Aliituma vile vile. Hakupata alichoomba. Siwezi kuapa kwamba barua ndiyo iliyomnyima. Lakini baadaye alikuja na nakala mkononi, hakunigombeza, akasema tu, "Mwalimu, nilidhani unanijua." Nimestaafu na neno hilo.

Utii ni jambo jema na nyumbani kwangu naudai. Ila mtu anayetafuta vijana ishirini wa kukaa meza moja na kubishana juu ya kitabu kwa muhula mzima hatosheki na kuambiwa huyu ni mtiifu. Anataka kumwona mtoto akiuliza, akikosea, akirudi. Hilo hawezi kulijua kwa njia nyingine isipokuwa mwalimu amsimulie.

Tulikwenda mimi na mama yake kwa mwalimu wa hisabati wa binti. Ni kijana mstahimilivu, ana vipindi 28 kwa wiki na madaftari yamejaa mpaka chini ya meza. Nilimwuliza jambo moja: huyu utamkumbuka kwa lipi? Akawaza kidogo, uso ukamchangamka. Akasimulia kwamba kidato cha tano binti alikisimamisha kipindi kizima kwa sababu hakukubali kwamba sifuri nukta tisa tisa tisa isiyokwisha ni sawa na moja. Kengele ikalia wanabishana. Kesho yake akaja na uthibitisho alioutafuta mwenyewe usiku, kwamba ni sawa kweli, akaomba ruhusa auandike ubaoni na akawaambia wenzake kwamba jana alikosea yeye.

"Hilo uliliandika?" nikamwuliza.

"Nilidhani wanataka tabia," akajibu.

Tabia ni hiyo hiyo. Sijui tabia gani nyingine tunayoitafuta.

Na insha. Aliyoandikiwa na wakala ilianza na Mlima Kilimanjaro, ambao mtoto huyu hajapata kuuona, ikashuka kwenye njaa na miguu pekupeku. Nilimtafsiria mama yake sentensi inayosema binti alikuwa akilala bila kula. Alinyamaza, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mwalimu, mwanangu hajalala na njaa hata siku moja. Naamka saa tisa usiku kwa ajili hiyo." Baba yake ni fundi baiskeli, naye hakuwapo. Nashukuru hakuwapo. Kwa vitumbua 600 familia ile ilinunua uongo juu ya utu wake, ukaandikwa kwa jina la mtoto wao, na kama ungetumwa binti ndiye ambaye angeubeba. Koleji nyingi humtaka mwombaji athibitishe kwamba insha ni kazi yake mwenyewe.

Wakati huo binti alikuwa na jambo lake kubwa, wala hakujua kama ni jambo. Mwaka jana maji ya bomba mtaani kwao yalikuwa yakitoka kwa nguvu saa nyingine na kuchuruzika saa nyingine. Alichukua ndoo ya lita 20 na simu ya kaka yake, akapima kila siku kwa wiki sita ndoo inajaa kwa muda gani. Saa kumi alfajiri ilijaa kwa dakika moja na sekunde 50. Saa nne asubuhi ilichukua dakika saba. Akachora grafu nyuma ya kalenda ya zamani, wakaibandika kwenye mlango wa nyumba yenye bomba, na akina mama wakapanga zamu zao kwa grafu ile. Mama yake ndiye aliyenisimulia, tena kwa kupita tu, tulipokuwa tunazungumzia bili ya maji. Nilimwita binti.

"Kwa nini hukuandika hili?"

"Bibi, ni ndoo tu."

Alifikiri kule wanataka Kilimanjaro.

Nawaandikia sasa wakuu wa shule na walimu wa taaluma, na ninaomba mnisikilize kama mwenzenu. Tazameni kalenda. Maombi ya koleji hizi mengi hufungwa kati ya Novemba na Januari. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, na NECTA, Baraza la Mitihani, hutoa matokeo Julai. Masomo kule huanza Agosti au Septemba. Maana yake siku mtoto wetu anapoomba akiwa bado shuleni hana cheti cha kidato cha sita. Ana cheti cha kidato cha nne, na vilivyobaki vinatoka mikononi mwenu: ripoti na barua. Mtoto wa shule ya gharama kubwa ana ofisi nzima inayomwandalia karatasi hizo, na wa kwetu ana mistari minne na mhuri. Alama za mtoto hatuwezi kuzibadilisha, wala hatupaswi. Lakini ukurasa unaoeleza shule ikoje, ngazi za alama zikoje na darasa lina watoto wangapi huandikwa mara moja, ukatumika kwa kila mwombaji mwaka mzima. Nafasi ya mtoto darasani mnayo tayari kwenye daftari la matokeo. Na mwalimu wa somo apewe jioni mbili za kuandika barua, aachwe aandike alichokiona kwa macho yake. Najua mzigo wa vipindi, nimeubeba. Najua pia kwamba barua ya mistari minne niliiandika hata kwenye miaka nilipokuwa na nafasi.

Kwa wazazi nina machache. Kuingia koleji ya onasi si kulipiwa ada. Ufadhili ni jambo lake, baadhi ya koleji hutoza na ada ya ziada, na kabla ya viza mwanafunzi huonyesha kwamba fedha za angalau mwaka wa kwanza zipo. Ulizeni hilo kabla ya kulipa shilingi moja ya fomu. Akikosa onasi sasa hivi, koleji nyingi hupokea pia wanafunzi ambao tayari wako chuoni, baada ya mwaka wa kwanza au wa pili, wakiwa na GPA ya juu, mara nyingi 3.5 au zaidi katika 4.0. Na kabla ya kumfuata wakala yeyote, waulizeni EducationUSA, mtandao wa ushauri wa serikali ya Marekani, ambao kazi yake imekuwa kutoa maelezo haya bure.

Jirani yangu hakuniacha bila jibu, na sikutaka kumwacha hivyo. Nilimwambia: chuo kikuu chenyewe, nafasi kubwa. Koleji yake ya onasi, nafasi ilikuwa ndogo kwa bahasha ile, na kwa bahasha mpya ni ya kadiri. Tumeongeza vyuo vingine viwili, kimoja hakina onasi kabisa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hizo ndizo angependa kuambiwa tangu siku ya kwanza, kisha akaniomba ile karatasi ya asilimia 85, akaenda nayo.

Insha ya ndoo imekwisha, binti ameiandika mwenyewe, na mimi nimemsahihishia viambishi vya wakati tu. Mwalimu wake amemaliza ukurasa mmoja na nusu. Ameniambia ana wanafunzi wengine wanne wanaosubiri barua kabla ya mwisho wa Novemba, na wenzake wawili shuleni hawajui waanzie wapi. Mimi niko nyumbani kila siku baada ya alasiri isipokuwa Ijumaa. Mwalimu yeyote wa Tanga mjini, Pongwe au hata Muheza aliye na rasimu ya barua ya mwanafunzi wake, aje nayo tuisome pamoja. Sitozi kitu. Chai ipo, na vitumbua viko mlango wa pili.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Makorora, Tanga